Kipimo cha Mafanikio Ukishike Mwenyewe

Ukipanda milima ya Upare kutoka Same mjini kwenda Mbaga, Chome au Mamba katikati ya mwaka, utazipita nyumba nyingi nzuri zilizofungwa. Bati la rangi, madirisha makubwa ya vioo, geti la chuma, baraza lililowekwa vigae. Ukichungulia dirishani utaona makochi yamefunikwa nailoni na kalenda ya mwaka juzi ingali ukutani. Kijana anayeitunza nyumba analala kwenye kibanda cha uani, na barazani kaanika mahindi. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo. Atakuja Desemba, atakaa siku chache, atatoa mchango wake kanisani au msikitini, kisha ataondoka.

Sizitaji nyumba hizo kwa kuzibeza. Kila tofali lake limetokana na jasho la mtu aliyeamka alfajiri miaka na miaka, akakopa, akajinyima, akasomesha wadogo zake huku akijenga. Nazitaja kwa sababu zinaibua swali ambalo kila anayetafuta maisha anapaswa kujiuliza mapema: mafanikio haya ninayoyakimbilia, nitayaishi lini, na nitayaishi na nani?

Watu wa Upare tumelelewa tukiijua njia moja ya kufanikiwa. Wamisionari Wasabato waliingia Upare Kusini mwaka 1903, Walutheri nao wakajenga makanisa, shule na hospitali, na milima hii ikawa kitalu cha walimu, wauguzi na makarani. Wazee wakatufundisha: soma, pata kazi, somesha wadogo zako, jenga nyumbani. Ni mafundisho mema, na yameziokoa familia nyingi na ufukara. Lakini yalitueleza pa kuanzia bila kutueleza pa kutosheka. Ndiyo maana wengi wetu tunafika tulikokuwa tunakwenda, na badala ya kufurahi tunaanza kutazama aliyetutangulia.

Ninachotaka kukushauri ni hiki: mafanikio huzaa furaha pale unapoyapima kwa kipimo chako mwenyewe, na pale unapoyatumia ukiwa hai pamoja na watu wako. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Jifunze kwa walioikataa mbiru

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaja Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Ilikuwa kodi iliyoletwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia chini ya utawala wa Waingereza, ikitozwa kwa kadiri mtu alivyokisiwa kuwa na mali. Watu hawakuelewa mali zao zilihesabiwa vipi, wala kwa nini fulani akadiriwe hivi na jirani yake vile. Wakashuka, wakakaa Same, wakadai kusikilizwa. Wanawake nao wakaingia katika madai hayo. Mwishowe kodi hiyo ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upare, aliiandikia habari hiyo kijitabu mwaka 1971, na hadi leo tukio hilo ni miongoni mwa kumbukumbu kubwa za wananchi wa kawaida kuishinda serikali ya kikoloni bila silaha.

Babu na bibi zetu walikataa kukadiriwa kwa kipimo wasichokielewa. Sisi wajukuu wao tunakubali kukadiriwa kila siku: na jirani, na wale tuliosoma nao walioko kwenye kundi la WhatsApp, na picha za harusi na magari zinazotupokea kila tufunguapo simu. Hakuna aliyetulazimisha. Tumezipeleka wenyewe nafsi zetu kwa wakadiriaji.

Kwa hiyo anza hapa. Chukua daftari, tafuta saa moja ya utulivu, uandike sentensi tano zinazoanza hivi: “Nitasema nimefanikiwa nikiwa…” Usiandike jina la mtu mwingine humo. Usiandike “kuliko”. Ukimaliza, rudia kila sentensi ujiulize: ningekitaka kitu hiki hata kama hakuna ambaye angekiona? Ukiandika gari, na ukweli ni kwamba unalitaka ili mama yako mwenye magoti mabovu afike kliniki bila kupanda bodaboda, liache libaki. Ukiandika gari, na ukweli ni kwamba unataka waliokucheka shuleni walione, lifute. Usilione aibu, lifute tu. Mahitaji hayohayo mawili yanaweza kuwa na bei moja dukani, lakini moja litakutuliza na jingine litakudai zaidi kila mwaka.

Fedha zina kazi yake, usizidharau

Wapo wanaoshauri kwamba fedha si kitu, kwamba furaha ni ya moyoni. Sitakudanganya hivyo. Mwulize mama wa Same mjini ambaye kwa miaka alinunua maji kwa ndoo, akapanga kufua kwa kutazama maboza, akaacha kuoga ili watoto waende shule wasafi. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Bomba likitoa maji uani kwa mama huyo, furaha yake ni ya kweli na inashikika. Hivyo hivyo kwa mwenye bima ya afya mtoto anapougua usiku, na kwa mkulima anayelipa sare na madaftari bila kuuza mbuzi wa mwisho.

Fedha inayoondoa dhiki huleta furaha. Tatizo huanza baada ya dhiki kuondoka. Mwaka 1974 mchumi wa Marekani, Richard Easterlin, alionyesha jambo lililowashangaza wengi: katika nchi moja, wenye nacho husema wana furaha kuliko wasio nacho, lakini taifa zima likitajirika miaka kwa miaka, furaha ya watu wake haipandi sambamba na utajiri huo. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo tangu wakati huo. Sehemu ya maelezo yake, hata hivyo, tunaiona vijijini kwetu: wote wakiezeka bati, bati huacha kuwa fahari, na macho huhamia kwenye bati la rangi.

Dawa yake ni kutaja kiasi. Kaa na mwenzi wako mwandike gharama za maisha mnayoyataka kweli: chakula, pango au ujenzi wa kiasi, shule, matibabu, wazee wa pande zote mbili, mtaji, akiba ya dharura ya miezi michache. Jumlisheni. Hicho ndicho kiasi kinachotosha, na kwa wengi ni kidogo kuliko walivyohofia. Kikishapatikana, kila ombi la kazi ya ziada, mkopo mpya au safari ya kibiashara lipimwe kwa swali moja: tunakwenda kuongeza nini, na tunatoa nini kukipata? Mara nyingine jibu litakuwa ndiyo. Walau mtakuwa mmejibu mkiwa mnajua.

Ipime kazi kwa siku yake ya kawaida

Vijana huniuliza kazi gani ina mafanikio. Swali zuri zaidi ni hili: siku ya kawaida ya kazi hiyo ikoje, nami naweza kuiishi mara elfu? Usiitazame siku ya kupokea mshahara wala siku ya kuuza mzigo. Itazame Jumanne ya mvua.

Chukua kilimo cha tangawizi cha Mamba Miamba na vijiji vya jirani, kilichoibadilisha Same Mashariki. Ukiwa mbali unaona fedha za mavuno. Ukikaribia unaona mwanamke ameinama kwenye mteremko, jembe linagonga mawe, mbegu inawekwa shimoni moja moja, palizi inafuata palizi, na zao linakaa ardhini miezi minane au tisa kabla ya kung'olewa. Kisha kuna kuosha udongo, kujaza viroba, kushusha mzigo kwa njia inayoteleza, na mnunuzi anayetaja bei ya leo ambayo si ya juzi. Aipendaye ardhi, anayefurahi kuona chipukizi na kupiga soga na wenzake shambani, atafanikiwa humo hata mwaka wa bei mbaya, kwa sababu siku zake nyingi zitakuwa njema. Anayechukia udongo na kuvumilia kwa ajili ya siku ya mauzo tu, ataishi miezi minane akiisubiri siku moja.

Milimani humo humo lipo zao jingine, mirungi, ambalo sheria ya nchi imelikataza. Limewapa baadhi ya watu fedha za haraka, na wapo waliosomesha watoto kwa hilo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliendesha operesheni wilayani Same, mashamba yakafyekwa. Siwahukumu waliolima, najua njaa inavyosukuma. Lakini waulize usingizi wao ulikuwaje. Kila gari geni likipanda mlima, moyo unaruka. Kipato kinachokunyima usingizi hakijakamilika kuwa kipato, na hili ni kweli pia kwa karani anayeghushi risiti na kwa mfanyabiashara aliyekopa kwa watu asioweza kuwalipa.

Kama tayari uko katika kazi usiyoipenda na huwezi kuiacha kwa sababu ya majukumu, usikate tamaa. Tafuta ndani yake jambo moja unaloliweza vizuri ulifanye vizuri zaidi. Tafuta mwenzako mmoja wa kula naye chakula cha mchana. Linda saa ya kutoka. Na weka akiba kidogo kidogo ya kukununulia njia ya kutokea, maana haba na haba hujaza kibaba.

Usiuache msaragambo

Nyanda za chini za Same ni kavu. Mvua huwaonea huruma walioko juu na kuwasahau walioko chini ya mlima. Wazee walilijibu tatizo hilo kwa kuchimba ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhi maji. Maji ya kijito huingia ndani yake usiku kucha, asubuhi mlango hufunguliwa, na maji huteremka kwa mfereji hadi shambani kwa aliye na zamu. Tope likijaa, kijiji huitana kwa msaragambo: kila kaya hutoa mtu mwenye jembe, wanafukua pamoja, na asiyefika hutozwa faini. Hakuna familia moja ambayo ingeweza kuimiliki na kuitunza peke yake.

Mali ya mtu nayo ni kama ndiva: lazima ijazwe, lazima ifunguliwe, na haitunziki na mkono mmoja. Wengi wetu tumejifunza sehemu ya kwanza tu.

Ushahidi wa hili umetafutwa mbali sana na hapa. Mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walianza kufuatilia maisha ya vijana wa kiume, na kundi lao likafikia wanaume 724: wengine wanafunzi wa chuo hicho, wengine watoto wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Wamewafuatilia kwa zaidi ya miaka 80, wakipima damu yao, wakiuliza habari za ndoa, kazi na maradhi. Waliozeeka wakiwa na afya na furaha hawakutambulikana kwa utajiri wala umaarufu. Walitambulikana kwa uhusiano mwema na watu wao. Waliokuwa wameridhika na uhusiano wao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Bibi yeyote wa Vudee, milimani kwetu, angewaeleza hayo bure, lakini ni vyema yamepimwa.

Sasa utekelezaji. Kwanza, toa mwili wako, usitoe simu tu. Kutuma mchango kwa M-Pesa msibani ni jambo jema, lakini walau mara chache kwa mwaka funga safari, ukae chini na wafiwa, ule makande pamoja nao, uoshe vyombo. Pili, michango nayo iwe na mpaka. Harusi, sendofu, ubarikio, misiba, ujenzi wa kanisa au madrasa: vyote vina haki, na vyote kwa pamoja vinaweza kukumaliza. Tengeneza fungu la mwezi la michango, likiisha, sema kwa upole, “Mwezi huu nimeishiwa, nitakuja kuwasaidia kazi.” Anayekupenda ataelewa, na mikono yako itakumbukwa kuliko bahasha. Tatu, uwe na watu wawili au watatu unaoweza kuwaambia ukweli wa hali yako. Kikundi cha kuweka na kukopa ni kizuri, kwaya ni nzuri, lakini humo wengi huficha. Rafiki wa kweli ni yule unayeweza kumwambia, “Kaka, duka linakufa,” kabla halijafa.

Watoto wasibebe deni letu

Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, milima yetu hugawanyika nyumba kwa nyumba: huku vigelegele, kule mlango umefungwa. Kuipenda elimu ni urithi wetu, na tangu 2016 serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, mzigo wa wazazi umepungua. Lakini mzigo wa matarajio umebaki mgongoni kwa mtoto.

Mzazi mwenzangu, mtoto aliyepata daraja la nne hajakuibia kitu. Kabla hujamwuliza amepata nini, mwulize ameonaje. Kisha kaa naye mtazame anachokiweza: yupo anayefungua redio na kuifunga ikalia, yupo anayepika ugeni mzima bila kutetereka, yupo ambaye ng'ombe wakigoma kula huitwa yeye. VETA na vyuo vya kati havikujengwa kwa ajili ya walioshindwa. Fundi umeme mwenye jina zuri mjini Same anakula vizuri na analala vizuri. Na yule aliyefaulu sana naye anahitaji ulinzi. Mwambie waziwazi kwamba ungempenda vilevile kama angefeli, ili asikimbie maisha yake yote akihofia kulipoteza pendo lako.

Rudi wangali wapo

Narudi kwa Profesa Kimambo, kwa kuwa maisha yake yana somo jingine. Aliupanda usomi hadi ngazi za juu kabisa za uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake kikubwa cha kwanza, kilichotoka mwaka 1969, kilikuwa historia ya kisiasa ya Wapare, na ili kukiandika ilimbidi arudi milimani kuwasikiliza wazee waliobeba masimulizi ya koo zao. Elimu aliyoipata mbali aliitumia kuwapa heshima watu wa nyumbani, wakati wasimulizi wale wangali hai. Angesubiri astaafu kwanza, mengi yangezikwa nao.

Nasi tuna wazee wanaosubiri. Kama unajenga nyumbani, jenga ndogo mapema. Vyumba viwili na jiko vinavyokukaribisha mara tatu kwa mwaka wazazi wakiwapo vina faida kuliko vyumba sita vitakavyokamilika ukija kuwazika. Kama wazazi wana nyumba, anza na choo chao, paa lao na tangi la maji ya mvua kabla ya msingi wako. Peleka watoto wakajue shamba, kaburi la babu, na majina ya vitu vinavyowazunguka kwa Chasu, lugha yetu. Mzee asiyeona vizuri haoni rangi ya bati; anajua tu kama umekuja.

Ukianguka, na ukistaafu

Wapo watakaosoma makala hii wakiwa wameanguka. Biashara imekufa, kazi imeisha, umerudi kijijini na begi moja, na unakwepa kupita dukani mchana ili usiulizwe. Pita mchana. Salimia. Anza na kazi iliyo mkononi, hata ya kibarua, na usiruhusu mwaka mmoja mbaya uitwe jina lako. Na kama huzuni imekaa wiki nyingi, usingizi umepotea, chakula hakina ladha na mawazo ya kufa yanakujia, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Huo ni ugonjwa, na hutibiwa.

Na wewe unayekaribia kustaafu, usingoje miaka 60 ndipo ujifunze kuishi. Anayeitwa “bosi” kwa miaka thelathini na hana jina jingine, siku ya kukabidhi ofisi hukabidhi na nafsi yake. Anza sasa kuwa mtu wa kwaya, mfuga nyuki, mwalimu wa watoto wa jirani, mjumbe wa kamati ya maji. Uwe na kitu kinachokuamsha ambacho hakina barua ya uteuzi.

Anzia wiki hii. Andika zile sentensi tano. Jumlisha kiasi kinachokutosha. Mpigie simu mtu mmoja ambaye hujazungumza naye muda mrefu bila kuwa na shida ya kumwomba, na umpangie tarehe ya kuonana. Haya hayangoji mtaji wala cheo, na anayeyaanza akiwa hana kitu huyaendeleza akiwa nacho. Tafuta mali kwa bidii zako zote, ndugu yangu, kwa njia ya halali, bila kuona haya. Lakini kila unapopata, toa sehemu yake ikalishe siku ya leo na watu wa leo, kwa sababu furaha uliyoiahirisha hadi utakapomaliza kutafuta haitawekwa akiba na mtu yeyote kwa niaba yako.